Raia huulizwa watamchagua nani, hawaulizwi wako tayari kulipia nini

Uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, ni nadra wiki kupita kabla ya kampuni moja au nyingine kutoa matokeo ya utafiti wa maoni. Mwananchi wa Kipkelion, sawa na mwenzake wa Kilifi au Kakamega, huelezwa ni asilimia ngapi ya raia wanaomuunga mkono mgombea huyu na ni asilimia ngapi wanaompendelea yule. Wanasiasa walio mbele hushangilia, walio nyuma hudai takwimu zimepikwa, kisha mjadala hufifia hadi takwimu nyingine zitolewe. Katika kelele hizo zote kuna swali ambalo huulizwa kwa nadra: raia hao wanaamini nini kuhusu kodi, ruzuku na madeni ya serikali, na wako tayari kugharimia lipi?

Swali hilo si la wasomi pekee. Sera ya uchumi ndiyo huamua bei ya mbolea, ada ya hospitali na kiasi kinachobaki katika mshahara wa mchuma chai. Kiongozi asiyejua wafuasi wake wanaamini nini kuhusu mambo hayo huchukulia kura alizopewa kuwa idhini ya kila alitakalo. Yaliyotukia nchini Juni 2024 yalionyesha gharama ya dhana hiyo.

Kipkelion ni mahali pafaapo kulitazamia suala hili. Enzi za ukoloni paliitwa Lumbwa, na palijulikana kwa kituo chake cha reli iendayo Kisumu. Leo sehemu hiyo ya Kaunti ya Kericho ina maeneobunge mawili, Kipkelion Mashariki na Kipkelion Magharibi. Wakazi wake hutegemea mahindi, maziwa, kahawa na chai, na hakuna hata zao moja kati ya hayo lisilofungamana na maamuzi ya serikali. Bei ya mahindi hutikisika serikali inaporuhusu nafaka kutoka nje, kahawa hupitia mikononi mwa vyama vya ushirika vinavyosimamiwa na sheria, nayo chai huuzwa katika mnada wa Mombasa. Mkulima wa hapa aweza kumaliza mwaka mzima bila kulitamka neno 'sera', lakini haamki hata siku moja nje ya kivuli chake.

Tuitazame kwanza historia ya kura. Mwaka wa 2002, wapigaji kura wengi wa Kericho walimuunga mkono Bw Uhuru Kenyatta wa KANU. Mwaka wa 2007 walimfuata Bw Raila Odinga wa ODM dhidi ya Rais Mwai Kibaki. Mwaka wa 2013 na 2017 walirudi kwa Bw Kenyatta, safari hizo Bw William Ruto akiwa mgombea mwenza wake. Mwaka wa 2022 walimpa Dkt Ruto mwenyewe zaidi ya asilimia 90 ya kura zao. Je, imani zao za kiuchumi zilipinduka mara zote hizo? La hasha. Kilichobadilika ni miungano ya viongozi wao. Mtu anayetaka kujua mkazi wa Kipkelion anaamini nini kuhusu ushuru hatapata jibu kwa kuhesabu kura hizo.

Wala kura ya maoni ya kuamua katiba haitoi jibu kamili. Agosti 4, 2010, Wakenya wapatao asilimia 67 ya waliopiga kura waliidhinisha katiba mpya. Kericho na Bomet, zikiwafuata wanasiasa wa Bonde la Ufa akiwemo Bw Ruto, zilisema La, hasa kwa hoja za ardhi. Miaka minne baadaye, aliyekuwa mstari wa mbele kudai kaunti ziongezewe fedha, katika kampeni iliyoitwa Pesa Mashinani, alikuwa Gavana wa Bomet, Bw Isaac Ruto, ambaye wakati huo aliongoza Baraza la Magavana. Baraza hilo lilitaka kaunti zitengewe asilimia 45 ya mapato ya taifa. Katiba iliyokataliwa kwa jumla ilikuwa imefika mashinani kwa sura ya zahanati, barabara na ajira, na hakuna aliyetaka vitu hivyo viondolewe.

Mgongano huu kati ya jumla na mahususi haukuzaliwa Kenya. Mwaka wa 1964, watafiti wawili wa Marekani, Lloyd Free na Hadley Cantril, walitumia mahojiano yaliyofanywa na shirika la Gallup kuchunguza imani za kisiasa za Wamarekani, na mwaka wa 1967 wakachapisha matokeo yao katika kitabu. Walipowauliza raia kwa jumla kuhusu nafasi ya serikali, karibu nusu walionekana kuwa wahafidhina: walisema serikali ya Washington inaingilia mno, na kwamba mtu anapaswa kujitegemea. Walipowauliza kuhusu mipango mahususi, kama vile msaada kwa elimu, matibabu ya wazee, nyumba za bei nafuu na vita dhidi ya ukosefu wa ajira, karibu theluthi mbili waliitaka serikali hiyo hiyo iigharimie. Takriban mtu mmoja kati ya kila wanne alikuwa upande wa kujitegemea katika maswali ya kwanza, na upande wa msaada wa serikali katika maswali ya pili.

Mwaka huo huo wa 1964, Barry Goldwater aliwania urais wa Marekani kwa itikadi ya kupunguza mkono wa serikali. Aliposema kwa jumla, alisikilizwa na wengi. Alipofikia kuhoji mipango ambayo wapigaji kura walikuwa wakinufaika nayo, walimkimbia. Lyndon Johnson alishinda kwa takriban asilimia 61 ya kura, na mwaka uliofuata akatia saini sheria ya bima ya matibabu kwa wazee, Medicare. Funzo la Free na Cantril ni kwamba mwanasiasa anayesikiliza nusu moja tu ya jibu la raia hujidanganya, hata ikiwa nusu hiyo ni ya kweli.

Turejee nyumbani. Kampeni ya Dkt Ruto ya mwaka wa 2022 ilijengwa juu ya neno 'hasla', yaani mtu anayejitafutia riziki kwa jasho lake, na juu ya mfumo wa kiuchumi wa kuanzia chini kwenda juu. Katika maeneo ya chai na mahindi, wito huo ulipata wasikilizaji tayari, maana kujitegemea ni fahari ya mkulima. Hata hivyo, ndani ya wito huo mlikuwa na ahadi za serikali kuingiza mkono: mbolea ya bei nafuu, mikopo nafuu na bei bora ya mazao. Falsafa ilikuwa ya kujitegemea, na orodha ilikuwa ya kusaidiwa. Kila msikilizaji aliondoka na sehemu iliyomfaa.

Baada ya kuapishwa Septemba 13, 2022, Rais alikuwa na msimamo ulio bayana: serikali itoe ruzuku kwa uzalishaji, si kwa matumizi. Ruzuku ya unga iliyoachwa na mtangulizi wake haikuendelezwa, na ruzuku ya petroli ikaondolewa. Mbolea ya kilo 50 ikashushwa kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500, na mwaka wa 2023 ikafika Sh2,500. Novemba 30, 2022, Hazina ya Hasla ilizinduliwa, ikitoa mikopo ya kuanzia Sh500 hadi Sh50,000. Kwa mantiki ya kiuchumi, hoja ya kusaidia uzalishaji ina uzito. Lakini mkulima wa Kipkelion ni mzalishaji asubuhi na mnunuzi jioni. Ahueni aliyoipata kwenye mfuko wa mbolea aliiacha katika nauli na bei ya unga, hasa pale Sheria ya Fedha ya 2023 ilipopandisha ushuru wa thamani kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16.

Kisha Machi 2024 zikaja habari za mbolea duni iliyokuwa imeuzwa chini ya mpango huo wa ruzuku. Waziri wa Kilimo, Bw Mithika Linturi, alifikishwa mbele ya kamati maalumu ya Bunge iliyomwondolea lawama mwezi Mei, na serikali ikaahidi kuwafidia wakulima. Pigo lililobaki lilikuwa la imani. Mkulima anayeunga mkono ruzuku kwa moyo wote hujiuliza, anapofungua mfuko, kama ndani mna mbolea au mchanga. Shaka hiyo haina nafasi katika fomu ya mtafiti anayeuliza tu kama unaunga mkono ruzuku ama unaipinga.

Chai inatoa mfano mwingine. Julai 2021, chini ya Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Bw Peter Munya, iliwekwa bei ya chini kabisa ya Dola 2.43 za Marekani kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo katika mnada wa Mombasa. Ukimuuliza mkulima yeyote kama anataka bei ya zao lake iwekewe kiwango ambacho haitashuka chini yake, ni nani atakayejibu la? Sera hiyo ilipendwa, na ilipendwa kwa sababu nzuri. Lakini mnunuzi wa Mombasa hakulazimika kununua. Chai ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, zikiwemo Kericho na Bomet, kwa kawaida hupata bei ya chini kuliko ya mashariki. Kiwango kilipokuwa kimoja kwa wote, mnunuzi aliyelazimishwa kulipa bei ile ile alichagua chai aliyoiona bora na kuiacha nyingine ghalani. Shehena zisizouzwa zikarundikana, na hatimaye kiwango hicho kikaondolewa.

Laiti wakulima wangeulizwa swali lenye pande zote mbili: je, unataka bei isishuke chini ya kiwango hiki, hata kama sehemu ya chai yako itakaa ghalani miezi kadhaa bila kununuliwa? Wapo ambao wangejibu ndiyo, wapo ambao wangejibu la, na wapo ambao wangetaka kila eneo liwe na kiwango chake. Majibu hayo yangekuwa na faida kubwa kwa waziri kuliko makofi ya mkutano wa hadhara. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ni haki ya mtu kuelezwa kabla hajainama kwamba mvungu una kina gani.

Ipo hoja inayopinga yote haya, nayo haifai kupuuzwa. Wapo wanaosema raia wa kawaida hana msimamo wa kiuchumi, kwamba anataka huduma zote na hataki kodi yoyote, na kwa hivyo kumuuliza ni kupoteza wakati. Anayesema hivyo hajaitazama hati ya malipo ya mkulima wa chai. Mkulima aliye chini ya KTDA hulipwa kila mwezi kwa majani aliyowasilisha, kisha hupata malipo ya mwisho wa mwaka yanayojulikana kama bonasi. Mbolea huchukua kwa mkopo na hukatwa pole pole. Gharama za kusafirisha majani, za kiwanda na za usimamizi hutolewa kabla pesa hazijamfikia. Mkulima huyu amezoea makato kuliko watu wengi wa mjini. Ugomvi wake na wasimamizi wa viwanda, ambao huibuka karibu kila msimu wa bonasi, hauhusu kuwepo kwa makato. Huhusu ukubwa wake, na kama aliyoyalipia ameyapata.

Ukiitazama kodi ya serikali kwa jicho hilo, kile kinachoitwa kigeugeu cha mwananchi huanza kueleweka. Mfanyakazi wa shamba la chai hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na asilimia 2.75 kwa ajili ya bima mpya ya afya iliyoanza Oktoba 2024. Mbolea ya mkopo anaiona kwa macho na kuibeba begani. Nyumba huenda asiione maishani mwake, na kadi ya bima huenda isikubaliwe siku mtoto anapougua. Anaweza kuamini kwa dhati kwamba serikali inapaswa kutibu wagonjwa, na bado akapinga kwa dhati makato ya kuwatibu, bila kujipinga hata kidogo. Imani yake ni moja: alipaye aone.

Mswada wa Fedha wa 2024 uliangukia katika hali hiyo. Serikali ilitaka kukusanya Sh346 bilioni za ziada. Pendekezo la ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na lile la kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari yaliondolewa Juni 18, lakini hasira ilikuwa imekwisha kuwaka. Juni 25, wabunge 195 walipitisha mswada huo dhidi ya 106, waandamanaji wakavamia Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Maandamano ya mwezi huo yalifika hata Kericho na Eldoret, ngome za Rais. Kesho yake Dkt Ruto alitangaza kwamba hatautia saini.

Kilichofuata hakikuzungumzwa vya kutosha. Pengo la Sh346 bilioni lilibaki pale pale. Julai 5, Rais alieleza kwamba Sh177 bilioni zingepunguzwa katika matumizi na Sh169 bilioni zingekopwa. Mwezi huo huo ada ya kutunza barabara ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya mafuta, na Desemba sheria mpya za marekebisho ya kodi zikapitishwa. Vijana walikuwa wamejibu la kwa sauti iliyosikika ulimwenguni, lakini hakuna aliyewauliza swali la pili: kama si kodi hii, basi tupunguze nini, ama tukope kiasi gani? Wenye mamlaka walilijibu wenyewe kwa niaba yao.

Katiba ilikusudia mambo yawe kinyume cha hivyo. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushirikishi wa umma katika masuala ya fedha. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria nzima ya Fedha ya 2023 mnamo Julai 31, 2024, suala la ushirikishi likiwa miongoni mwa yaliyozingatiwa, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha uhalali wake Oktoba 29 mwaka huo. Wanasheria wataendelea kuvutana. Kwa mkazi wa Kipkelion, swali ni jepesi zaidi: kikao cha kukusanya maoni kinapomalizika, maoni yake huandikwa wapi, na huhesabiwa na nani?

Je, kampuni za utafiti zinaweza kuziba pengo hilo? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini kwanza tujue mipaka yake. Katika siku za mwisho kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022, Infotrak, TIFA na Ipsos zote zilimweka marehemu Raila Odinga mbele. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa Dkt Ruto kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, dhidi ya kura 6,942,930 za Bw Odinga, asilimia 48.85. Kuwauliza raia waliopo si sawa na kujua ni nani atakayejitokeza kituoni, na mwaka huo takriban theluthi moja ya waliojiandikisha hawakupiga kura. Marekani ilipata funzo kama hilo mapema. Mwaka wa 1936, jarida la Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni mbili na kutabiri kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alitwaa majimbo 46 kati ya 48. Wingi wa majibu haukusaidia kitu, maana waliojibu hawakuwa kioo cha taifa.

Kuna pia hesabu ndogo ambayo kila msomaji anaweza kuifanya. Tuchukue utafiti wa kitaifa unaowahoji watu 2,400. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, na kati yao 901,777 walikuwa Kericho. Kwa uwiano huo, Kericho nzima itawakilishwa na watu wapatao 45. Kwa taifa zima, uwezekano wa makosa ni kama asilimia 2 juu au chini. Kwa watu 45, hufika karibu asilimia 15. Kericho ina maeneobunge sita, na kama yote yangegawana sawa, Kipkelion zote mbili zingepata watu 15. Hao ni wachache kuliko abiria wa matatu mbili. Anayesema kwamba utafiti wa aina hiyo umeonyesha wanachotaka watu wa Kipkelion anasema asilolijua.

Sheria ya mwaka wa 2012 kuhusu uchapishaji wa matokeo ya utafiti wa maoni ya uchaguzi huzitaka kampuni zitaje, miongoni mwa mambo mengine, mfadhili, idadi ya waliohojiwa na uwezekano wa makosa. Ni sheria nzuri, lakini kama jina lake linavyoeleza, inahusu uchaguzi. Kwa haki, kampuni hizo pia huuliza mara kwa mara kama nchi inaelekea pazuri na tatizo kubwa ni lipi, na jibu karibu kila mara huwa gharama ya maisha. Lakini kusema maisha ni ghali hakumwambii Waziri wa Fedha apunguze ushuru wa mafuta, aongeze ruzuku ya mbolea, ama akope.

Kwa mintarafu hiyo, yapo mambo matatu yanayowezekana kabla ya uchaguzi uliopangwa kufanyika Agosti 2027. La kwanza, Bunge na Wizara ya Fedha ziagize utafiti wa maoni kuhusu kila mswada wa fedha, wenye maswali yanayotaja bei: huduma hii kwa kodi hii, ama bila kodi na bila huduma. La pili, waliohojiwa wawe wengi kiasi cha kutosha katika kila kaunti, ili Kericho isiyeyushwe katika jina pana la Bonde la Ufa. La tatu, matokeo yachapishwe pamoja na maswali yenyewe, kwa Kiswahili, kabla ya wabunge kupiga kura, ili mpigaji kura wa Kipkelion ajue kama mbunge wake alimwakilisha au alimpinga.

Gharama ya utafiti kama huo ni ndogo ikilinganishwa na mabilioni ambayo hubishaniwa kila Juni, achilia mbali maisha yaliyopotea Juni 2024. Bajeti husomwa kila mwaka, na kila mwaka makato hushuka hadi kwenye hati ya malipo ya mchuma chai. Yeye tayari anajua anakatwa nini. Kilichobaki ni wanaomkata kujua yeye angekubali kukatwa nini, na kwa ajili ya kitu gani.